Maziwa ya Nyari: Hasira na Ridhaa katika Ngano ya Marafa

Ngano ya Nyari, korongo la Marafa lililo kaskazini ya mto Sabaki, ni kisa cha majivuno: ukoo mmoja tajiri ulikuwa ukioga maziwa, Mungu akaudidimiza ardhini. Kijuujuu, hii ni sauti ya wanyonge dhidi ya wenye nacho. Lakini kosa linalolaumiwa humo ni ufujaji, si umilikaji. Ng'ombe walitoka wapi, na nani aliwachunga, haisemwi. Hukumu nayo yaachiwa mbingu. Hivyo msikilizaji hufurahia adhabu ya tajiri bila kuugusa utaratibu uliomtajirisha. Mwaka 1994, wanasaikolojia Jost na Banaji walieleza jinsi wanyonge wanavyoweza kuuhalalisha mfumo uleule unaowaonea.

Hata hivyo, si haki kudai kwamba Wagiriama ni watu wa kungoja tu. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwaapisha kuukataa utawala wa Waingereza na uandikishaji wa vibarua. Basi mwalimu wa fasihi simulizi asiishie kwenye funzo la kutofuja. Na aulize pia: tajiri alipokuwa akioga maziwa, nani alilala njaa?