Tazama Ukurasa Mwingine

Katika miaka niliyofundisha Kiswahili chuoni, wanachuo walinisikia mara nyingi nikililalamikia neno moja dogo la kamusi: "tazama". Mwanachuo anatafuta maana ya neno, naye anaambiwa atazame neno jingine. Anafungua huko, anarudishwa alikotoka. Niliwaambia walimu watarajiwa kwamba mtunzi anapoandika "tazama" amemwahidi msomaji kitu, na wahenga walisema ahadi ni deni. Sikudhani kwamba uzeeni ningeikumbuka hoja hiyo mbele ya kompyuta.

Mjukuu wangu, mwanafunzi wa kidato cha pili, alipewa kazi ya kuandika habari za kata anamoishi. Akafungua Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, akaukuta ukurasa wa Hamugembe. Tuliusoma pamoja. Ulieleza kwamba Hamugembe ni kata ya Bukoba Mjini katika Mkoa wa Kagera, ukataja idadi ya wakazi kwa mujibu wa sensa, basi. Chini palikuwa na kisanduku chenye majina ya kata za mji wetu: Bakoba, Bilele, Buhembe, Kashai, Kibeta, Rwamishenye na nyinginezo. Kijana akabofya Kashai. Maelezo ya namna ileile, kisanduku kilekile. Akabofya Rwamishenye, mambo yakawa hayohayo. Akaniuliza, "Babu, mbona tunazunguka tu?"

Napenda kulijibu swali hilo kwa haki, maana ni rahisi mno kwa mzee kukilaumu chombo asichokijua.

Tuanze na jina. Kiswahili kimekiita kitu hiki "kiungo", na sioni jina lililo bora zaidi. Kiungo ni goti au kiwiko, mahali mifupa inapokutana ili mwili uweze kwenda. Kiungo ni hiliki au bizari, kinachokipa chakula ladha ambayo hakikuwa nayo. Na katika kandanda, kiungo ni mchezaji wa katikati anayepokea mpira kutoka nyuma na kuupeleka mbele. Maana zote tatu zinadai kazi. Anayepokea mpira na kuurudisha alikoutoa hadumu kikosini.

Sasa tutazame utaratibu. Ukurasa wa kitabu ukishachapwa umekwisha. Ukurasa wa Wikipedia hutungwa na seva, yaani kompyuta inayohifadhi maandishi na kumletea msomaji anapoyaomba. Kile kisanduku hakikuandikwa upya kwa kila kata. Kimeandikwa mara moja, mahali pake, na seva hukibandika chini ya kila ukurasa unaokihitaji. Jina likisahihishwa pale, limesahihika kote. Mimi niliyewahi kusahihisha ratiba ya chuo kwa mkono, ubao mmoja wa matangazo baada ya mwingine, nauthamini sana ufundi huo.

Tena seva inaweza kutunza majina ya zamani. Mkoa wetu uliitwa Ziwa Magharibi hadi mwaka 1979, ulipopewa jina la Kagera baada ya vita. Anayetafuta jina la kale katika faharasa ya kitabu kipya huenda asilione. Kwenye seva inatosha mtu mmoja kuweka elekezo, na kila aulizaye Ziwa Magharibi atafikishwa Kagera bila kupotea njia.

Kuna jambo la tatu, nalo lina historia. Mmarekani Ted Nelson, aliyelianzisha neno haipateksti katika miaka ya 1960, alitaka kila kiungo kionekane pande zote mbili: mtajwaji ajue ametajwa na nani. Tim Berners-Lee, alipopendekeza mtandao wake huko CERN, Uswisi, mwaka 1989, aliridhika na kiungo cha upande mmoja. Hivyo mtu yeyote aliweza kuunganisha ukurasa wake na wa mwenzake bila kuomba ruhusa, na mtandao ukaenea upesi. Gharama yake ni kwamba ukurasa ukiondolewa, wanaouelekeza hawapati habari. Kijana mmoja wa jirani alibofya palipoandikwa "pakua fomu hapa" katika tovuti ya ofisi moja, akaambiwa ukurasa haupo. Alipanda gari siku ya pili kwenda kuifuata fomu hiyo kwa nauli yake.

Wikipedia imerudisha sehemu ya ndoto ya Nelson. Seva yake inaweka daftari la viungo vya ndani, na msomaji anaweza kuuliza ni kurasa zipi zinazoutaja huu anaousoma. Tuliuliza kuhusu Hamugembe. Wengi waliotutaja walikuwa kata jirani, nazo zilitutaja kwa sababu ya kisanduku tu.

Hapo nikapata jibu la mjukuu wangu. Kisanduku kinasema kwamba kata hizi zimo katika orodha moja ya utawala. Ni kweli, lakini hakina kitenzi. Kiungo kilichowekwa ndani ya sentensi kinacho kitenzi, na kitenzi ndicho kinachomweleza msomaji kwa nini ahame ukurasa. Andika hivi: tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliua watu, likabomoa nyumba nyingi Bukoba na kuharibu vibaya shule za Ihungo na Nyakato. Sentensi moja imemwonyesha msomaji njia tatu, na kila njia ina sababu.

Je, ikiwa ukurasa wa shule haujaandikwa? Kiungo chake kitakuwa chekundu. Desturi hii ina asili yake kwa Ward Cunningham, aliyetengeneza wiki ya kwanza mwaka 1995: jina la ukurasa usiokuwapo liliwekewa alama ya kuulizia, na aliyebofya alama hiyo alikaribishwa kuuandika. Katika kitabu, "tazama" isiyo na mahali pa kutazama ni kosa. Hapa ni mwaliko.

Basi lawama yangu siipeleki kwa seva. Waliojitolea kuweka kurasa za kata wametujengea fremu ya mlango, nasi wenyeji hatujaingia. Wazee tunaojua habari za mji huu tunazisimulia msibani na kwenye kahawa, halafu tunazikwa nazo. Mtoto wa hapa anafungua ukurasa wa kwao, anaona idadi ya watu na orodha, anahitimisha kwamba kwao hakuna la kusemwa. Hilo linaniuma kuliko fomu iliyopotea. Na mimi niliyewadai wanachuo ahadi zao kwa kalamu nyekundu sikuwa nimeandika hata mstari mmoja.

Jioni ile tuliandika sentensi tatu kwenye daftari la kijana, kila moja na kitenzi chake. Kamusi elezo inataka ushahidi uliochapishwa, na kumbukumbu ya babu haitoshi. Kwa hiyo tunatafuta magazeti ya wiki ile ya Septemba 2016. Mwenye nayo asiyafungie maandazi.