Damu ya Mzee Kwenye Kioo

Mwenzangu kazini hufungua madirisha matano ya terminali kabla chai haijapoa. La kompyuta yake mwenyewe ni jeusi. Mawili ya seva za majaribio ni ya kijani kilichokolea, la nakala ya hifadhidata ni la bluu. La tano, la seva inayohudumia wateja, lina ile rangi tunayoiita damu ya mzee. Akilifikia hilo huondoa mikono kwenye kibodi, akalitazama kidogo, ndipo aandike. "Hapa niko kwa watu," aliniambia siku moja.

Nyumba ya watu huingiwa kwa hodi, lakini seva ya mbali haina mlango unaoonekana. Tangu Tatu Ylönen wa Finland alipoiandika programu ya SSH mwaka 1995, fundi aliyeko Mwanza huingia kwa amri ya mstari mmoja katika mashine iliyoko Frankfurt, na kioo kikabaki vilevile. Kinachobadilika ni jina dogo mwanzoni mwa mstari, nalo jicho lililochoka hulipita.

Usiku wa 31 Januari 2017, fundi wa kampuni ya GitLab alikusudia kufuta folda ya hifadhidata kwenye seva ya akiba. Kumbe alikuwa kwenye seva kuu. Alishtuka baada ya sekunde moja au mbili, na kati ya takriban gigabaiti 300 zilikuwa zimebaki 4.5. Kampuni ilieleza yote hadharani. Miongoni mwa marekebisho iliyoyaorodhesha ni kuufanya mwanzo wa mstari wa amri utofautishe seva na seva waziwazi.

Mwenzangu ameizungushia amri ya ssh maagizo machache katika faili lake la mipangilio. Kabla ya kuingia, maagizo hayo huipelekea terminali herufi zisizoonekana zenye namba 11, yaani badili rangi ya usuli. Akitoka, namba 111 huirudisha rangi ya awali. Hatua hii ya pili ndiyo inayonivutia zaidi. Dirisha likibaki jekundu ilhali umesharudi kwako, linakudanganya, na jicho likizoea kudanganywa halishtuki tena.

Wekundu wenyewe ameupima. Si ule unaowaka, ni #3a0000, uliozimwa hadi kukaribia weusi, ili herufi nyeupe zisomeke saa nzima bila kuumiza macho. Hakuna dirisha jingine linaloruhusiwa kuusogelea. Jina la seva ameliacha palepale, kwa kuwa wako wasiotofautisha nyekundu na kijani. Tena, kwa kuwa maagizo yake yako kwenye kompyuta yake tu, akiruka kutoka seva moja hadi nyingine rangi ya dirisha haitamfuata. Kwa hiyo kila seva ameipaka rangi yake pia mwanzoni mwa mstari.

Juzi nilimwona ameshaandika amri nzima ya kufuta, kidole kiko juu ya Enter. Akasita. Akaifuta herufi moja moja, akahamia dirisha la kijani, akaiandika upya. Hakusema neno. Wateja nao waliendelea na shughuli zao, hakuna aliyejua kilichopita.