Bomba Lisilolazimishwa

Sifa za maji hupewa pampu. Ndiyo inayonguruma, ndiyo wageni wanayopiga nayo picha. Mimi nawasifu waliounga mabomba yake, wakapanga valvu, wakaipimia mwendo. Pampu ya bei kubwa ikiungwa vibaya hufa mapema. Ya kawaida, ikiungwa kwa adabu, huzeeka kazini.

Ufundi huu huanzia upande wa kufyonza, ambao wengi huupita bila kuutazama. Pampu haiyavuti maji. Uzito wa hewa ndio unaoyasukuma yapande. Dar es Salaam, usawa wa bahari, hewa huinua safu ya maji ya takriban mita 10. Kando ya Ziwa Victoria, kwenye mwinuko wa mita 1,134 hivi, hubaki kama mita 9, na msuguano wa bomba unadai fungu lake. Ndiyo maana bomba hilo hufanywa fupi, pana na lililonyooka, bila kona mlangoni pa pampu. Pale linapopunguzwa upana, upande wa juu huachwa umenyooka ili hewa isipate pa kujificha. Shinikizo likishuka mno, maji huchemka bila moto, na vipovu vyake vinapopasuka hutafuna chuma cha impela. Mlio wake ni wa changarawe ikipita tumboni mwa pampu, na fundi mzoefu huusikia kabla hajaingia ndani.

Lakini mahali ninapompimia fundi ni pale flanji mbili zinapokutana. Mwenye haraka akiona pengo hutafuta bolti ndefu, akaikaza kwa spana mpaka bomba lisogee. Limesogea, ila halijaridhika: litaivuta pampu usiku na mchana, shafti itoke kwenye mstari, sili ivuje, beringi zipate joto. Fundi wa kweli hulijengea bomba nguzo zake lisimame lenyewe, flanji zitazamane, bolti ziingie kwa vidole. Kisha hukaza kwa kuvuka, bolti hii na ile inayoikabili, huku saa ya kupimia ikiwa imefungwa kwenye kapilingi, ikisoma sehemu za mia za milimita. Mshale ukihama, hufungua tena. Msimamizi anatazama saa yake ya mkononi, mwenye mradi anapiga simu, naye anafungua tena. Hapo ndipo ninapomvulia kofia.

Upande wa kusukuma hutangulia valvu ya kuzuia maji yasirudi, kisha ya kufungia, ili ile ya kwanza iweze kutengenezwa bila kumwaga maji ya bomba zima. Mwishoni mwa miaka ya 1890 Nikolai Zhukovsky, akichunguza mabomba ya maji ya Moscow, alieleza kwa nini mabomba hupasuka maji yanaposimamishwa ghafla. Katika bomba la chuma, maji yaliyokuwa yakienda mita 1 kwa sekunde yanaweza kuongeza shinikizo la safu ya takriban mita 100. Valvu kubwa basi hufungwa taratibu, hata kama mkono una nguvu za kuifunga mara moja.

Siku hizi kuna inveta, inayobadili mwendo wa mota. Ukishusha mwendo hadi asilimia 80, kwa hesabu, nguvu inayohitajika hushuka hadi karibu nusu. Wauzaji hupenda hesabu hiyo, nayo ni ya kweli pale ambapo kazi kubwa ni kushinda msuguano. Ihelele, wilayani Misungwi, maji ya ziwa yanayokwenda Kahama na Shinyanga lazima kwanza yapandishwe kilimani, na kilima hakipungui mwendo unapopungua. Ukishusha mno, maji hayafiki juu. Yanazungushwa ndani ya pampu mpaka yanapata moto. Kwa mazingira kama hayo fundi huweka kiwango cha chini ambacho mwendo hauruhusiwi kukivuka, na hupanga mota isimame polepole. Umeme ukikatika, mpangilio huo hausaidii kitu. Hapo valvu zake, na tangi la hewa kama lipo, ndivyo vinavyobaki kulilinda bomba.

Namba hizo zote, mwendo wa chini, muda wa kusimama, shinikizo la pande mbili, fundi ninayemsifu huziandika kwa wino kwenye kadi na kuibandika ndani ya mlango wa kabati la umeme. Mtu wa zamu hatalazimika kumpigia simu saa nane za usiku.