Pembe za Maniema katika Jumba la Tervuren

Mwaka 1897 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alikuwa na tatizo la soko: Kongo ilikuwa mali yake binafsi, na Wabelgiji wengi hawakuwa na haja nayo. Akawajengea jumba la maonyesho Tervuren, nje kidogo ya Brussels, na kazi ya kulipamba akawapa mafundi wa mtindo mpya wa nakshi, Art Nouveau. Mtindo huo wa mistari inayojipinda kama mitambaazi uliwahi kuitwa pia "style Congo".

Ujanja ulikuwa kuifanya bidhaa yenyewe iwe pambo. Georges Hobé alisimamisha matao ya mbao za bilinga kutoka Kongo. Henry van de Velde, Paul Hankar na Gustave Serrurier-Bovy wakashika kumbi nyingine. Aliyesifu tao alikwisha kuisifu mbao.

Ukumbi wa heshima uliachiwa pembe za ndovu. Utawala wa Leopold uliwapa wachongaji pembe ghafi, na hapo ufundi ulijaribiwa kwelikweli. Pembe imepinda, na upande wa mzizi ina uwazi ndani, hivyo haitoi bonge kubwa la kuchonga. Wengine waliufuata mpindo wake. Charles van der Stappen, katika "Sphinx mystérieux", aliiunganisha pembe na fedha: mwanamke mwenye kofia ya vita, kidole mdomoni, kana kwamba anaamuru watu wanyamaze.

Na kulikuwa na la kunyamaziwa. Wasomaji wa Biwi na kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, nchini Malawi, waliotoka Maniema, mashariki mwa Kongo, wanaijua miji ya Kasongo na Nyangwe. Enzi za mfanyabiashara Tippu Tip, pembe za huko zilibebwa hadi Ujiji, Tabora, Bagamoyo na Unguja. Baada ya vita vya 1892 hadi 1894 kati ya utawala wa Leopold na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili, zilielekezwa magharibi, hadi Antwerp. Wageni wa Tervuren hawakuelezwa zilipatikanaje. Nje ya jumba, Wakongo 267 waliletwa watazamwe. Saba walifia huko.

Mwanahistoria Debora Silverman anauona mjeledi wa ngozi ya kiboko ndani ya mistari ile iliyopinda. Ni usomaji wa kuvutia, ingawa ushahidi wa mbao na pembe una uzito zaidi: huo hauhitaji kufasiriwa.

Mwaka 2023, Brussels ikiadhimisha mwaka wa Art Nouveau, taasisi ya usanifu majengo ya CIVA iliandaa onyesho lililoitwa "Style Congo". Safari hii wasanii wa leo walialikwa kuzihoji nyaraka za maonyesho ya kikoloni.