Bwana Afya Ndani ya Bwana Msa

Tukifika kwenye riwaya ya upelelezi darasani, Muhammed Said Abdulla hupewa dakika tano: alimwiga Sherlock Holmes, ana kiko, ana rafiki wa kumshangaa, basi, tunahamia kwa Shaaban Robert. Kiko kipo kweli, na Najum kazi yake kubwa kweli ni kuduwaa. Lakini hebu tumtazame mwandishi mwenyewe alikotoka.

Alizaliwa Unguja mwaka 1918. Alipomaliza shule akawa Bwana Afya kwa miaka kama kumi, ndipo mwaka 1948 akaingia kwenye uhariri wa magazeti. Sasa, Bwana Afya hufanya nini? Huingia uani kwa watu, akafunua mtungi, akauliza maji haya yametoka wapi, huku wenye nyumba wanasema mtoto amepatwa na shetani. Nadhani Bwana Msa alizaliwa humo, si London peke yake. Katika *Mzimu wa Watu wa Kale*, iliyoshinda shindano la uandishi la 1957/58 na kuchapishwa 1960, maiti ya Bwana Ali inakutwa mzimuni. Watu wanautazama mzimu. Bwana Msa anawatazama watu.

Sisi wa Kighare jambo hilo linatugusa. Huku Upareni kuna mpungi, yaani misitu ya matambiko ya ukoo. Na mtu akifa ghafla, bado utasikia msibani kwamba "ni mkono wa mtu", na kidole kinamwelekea bibi kizee asiye na mtetezi. Aliyemsoma Abdulla atauliza kwanza nani amefaidika na kifo. Wanaosema riwaya zake ni burudani tupu, hazina dhamira, wamelipita hilo bila kuliona.

Hata hivyo kuna mahali namkatalia. Kwake mzimu ni pazia la kumfichia muuaji. Likishafunuliwa halina kazi tena. Mpungi umelinda miti na chemchemi kwa kuwa watu waliogopa kukata. Bwana Msa angefika huku, angeondoa hofu, akawasha kiko chake, akapanda basi la Same. Shoka lingefuata nyuma yake. Riwaya haliulizi hilo.

Baada ya *Kisima cha Giningi* (1968), ambayo nayo imebeba jina la kisima cha wachawi, siri inahama taratibu kutoka mzimuni kwenda nyumbani. *Duniani Kuna Watu* (1973) na *Mwana wa Yungi Hulewa* (1976) zinahangaika na nani mtoto wa nani. Hapo ameiva, ingawa sadfa zinakuwa nyingi mpaka msomaji unaguna. Wenzake wa bara, Musiba na Mtobwa, waliwapa mashujaa wao bastola na safari za ndege. Bwana Msa alibaki na maswali yake.

Mwaka 1984, miaka saba kabla ya mwandishi kufariki, kikatoka kitabu cha mwisho: *Kosa la Bwana Msa*. Neno "kosa" likakaa jaladani pamoja na jina la mpelelezi aliyesifiwa miaka 24. Willy Gamba asingekubali.