Pango Moja au Mawili? Juu ya Istilahi za Kupiga Mbizi Mapangoni

Fani nyingi zaweza kustahimili istilahi iliyolegea kwa muda, hadi wataalamu watakapokutana na kuikaza. Fani ya kupiga mbizi mapangoni haina subira hiyo, kwa kuwa kosa la neno moja laweza kumpoteza mtu. Nasi kwa kuwa katika pwani yetu, Unguja, Mafia, Watamu na Diani, wapo wanaofanya kazi ya kuongoza wapiga mbizi huku wakizungumza Kiswahili, twaona yafaa kuyachungua maneno ambayo mfasiri wa mafunzo haya huyakimbilia kwanza.

Mfano mzuri ni Rasi ya Yucatán nchini Meksiko. Ardhi yake ni ya mawe ya chokaa, na pale dari ya pango ilipoporomoka pametokea shimo lenye maji. Wamaya waliliita shimo hilo kwa neno lao, Wahispania wakalichukua na kulitamka kwa namna yao, nasi twaweza kuliita senote bila kuona haya. Karibu na mji wa Tulum, katika senote kama Dos Ojos, wageni walio likizoni hujifunza kwa siku chache na kupata cheti cha kwanza cha mapangoni. Cheti hicho humruhusu mwenyewe kuingia mahali ambapo nuru ya jua bado yaonekana, wala si zaidi. Mashirika ya mafunzo hutofautiana katika kipimo: baadhi hukomea mita 40, mengine mita 60, ukijumlisha kina na mwendo wa ndani. Sehemu ya giza iliyo mbele yahitaji mafunzo mengine, marefu zaidi.

Kiingereza kina maneno mawili kwa sehemu hizo mbili. Kamusi zetu aghalabu hulitwika neno “pango” maana zote mbili, na hapo ndipo hatari inapoanzia. Katika senote nyingi, kwenye mpaka wa nuru na giza, husimamishwa kibao chenye sura ya mauti, kikimwonya asiye na mafunzo kamili asiendelee mbele. Tukikifasiri kwa maneno “Usiingie pangoni”, tutakuwa tumekibatilisha. Msomaji amekwisha kuingia pangoni. Ndiyo maana amekiona kibao. Onyo linalokataza jambo lililokwisha tendeka haliwezi kumzuia mtu.

Wako watakaopendekeza “pango la mwanga” na “pango la giza”. Pendekezo hili lina sura njema, lakini lina dosari: mpiga mbizi hubeba taa, na mwenye kwenda ndani kabisa hubeba tatu. Mwanafunzi aweza kudhani kuwa maadamu taa yake yawaka, bado yumo katika pango la mwanga. Kinachoweka mpaka ni jua peke yake. Sisi twaona bora “ukumbi wa pango”. Katika nyumba zetu ukumbi umo chini ya dari, lakini mlango wa nje haujakupotea machoni, na mgeni aliyekaribishwa ukumbini anajua kuwa hajaruhusiwa vyumbani. Ni kweli kwamba siku hizi neno hili latumika zaidi kwa mahali pa mikutano; hata hivyo likiambatana na “pango” halitamchanganya mtu. Kibao nacho kitasema: “Mwisho wa ukumbi. Usiingie ndani.”

Tuje kwenye hewa. Mmarekani Sheck Exley, katika kitabu chake cha mwaka 1979, alizichambua ajali zilizoua wapiga mbizi mapangoni, akaonyesha sababu kuu tatu: kukosa kamba inayofululiza hadi nje, kutoweka akiba ya hewa, na kwenda kina cha kupita kiasi. Kanuni ya akiba hiyo ikifasiriwa “gawa hewa sehemu tatu”, mwanafunzi ataigawa kwa akili yake mwenyewe: sehemu ya kuingia, sehemu ya kutazama, sehemu ya kurudi. Sivyo. Theluthi moja ni ya kuingia, ya pili ni ya kutoka, na ya tatu haiguswi ila kwa dharura, yake au ya mwenziwe. Geji ikisoma 210 mwanzoni, ikifika 140 sharti ageuke. Neno “theluthi” tunalo tayari, na wengi wamelizoea katika sheria ya wasia, ambako pia ni mpaka usiovukwa. Basi tuseme “kanuni ya theluthi”.

Kamba nayo isiitwe “mwongozo”. Agizo “usiuache mwongozo” laweza kueleweka kuwa ni kitabu, au maelekezo ya mwalimu. “Kamba ya njia” haina utata.

“Maji baridi”, kwa maana ya maji yasiyo na chumvi, ni msemo halali, lakini maji ya senote yana joto la kiasi cha nyuzi 25, na kwa mwanafunzi anayechagua vazi la kuingilia majini msemo huo wapotosha. Hapa yafaa “maji matamu”, hasa kwa kuwa chini yake huwa pana maji ya chumvi, na pale yanapokutana macho huona ukungu.

Mwisho, tujihadhari na “kuzamia”. Mtumishi atakayeandika katika ombi la likizo kwamba anakwenda “kuzamia Meksiko” asishangae mkuu wake akisita kutia sahihi, kwa kuwa mzamiaji mitaani ni yule aendaye ng’ambo kwa siri asirudi. “Kupiga mbizi” kwatosha, na mwenye kazi hiyo ni mpiga mbizi.

Hatudai kuwa maneno haya ndiyo ya mwisho. Twalodai ni kwamba mfasiri, kabla ya kuchagua neno, ajiulize litasomwa wapi. Kibao cha senote husomwa chini ya maji, na msomaji wake hana wa kumwuliza maana.