Chombo Kinachosoma, Si Kinachoagua: Juu ya Istilahi za Uchunguzi wa Magari

Katika gereji za Tukuyu, kama katika gereji nyingine nchini, kuna chombo ambacho kila fundi anakijua lakini jina lake halijatulia. Mwenye gari akiona taa ya injini imewaka mbele yake, huambiwa alipeleke gari "likapimwe kwa kompyuta", au "likafanyiwe dayagnosi", au kwa mkato "likaskaniwe". Siku hizi wako pia wenye magari, walimu na watumishi wa Serikali wakiwemo, wanaokinunua chombo hicho ili wakitumie nyumbani, kwa kuwa aina iliyo ndogo kabisa hukaa kiganjani na kupeleka habari zake kwenye simu. Mnunuzi hana fundi wa kumweleza. Ana jina la chombo na maelezo yaliyofasiriwa. Makala haya yanakusudia kuyahakiki majina hayo, kwa sababu baadhi yao humfanya mtu atoe fedha mahali pasipostahili.

Yafaa kwanza tukieleze chombo chenyewe. Gari la kisasa lina kompyuta inayoiongoza injini kwa kutegemea habari inazoletewa na vihisi mbalimbali. Kompyuta hiyo ikiona jambo lisilo la kawaida huweka kumbukumbu kwa msimbo, kama vile P0171 au P0300. Marekani ililazimisha mfumo mmoja wa misimbo hiyo kwa magari ya toleo la mwaka 1996 na kuendelea; Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli kuanzia mwaka 2001. Chombo huchomekwa kwenye tundu la pini 16 lililo chini ya usukani, nacho huiuliza kompyuta ya gari ina misimbo gani. Hiyo ndiyo kazi yake ya msingi: kuuliza na kusoma jibu.

Tukilishika jambo hilo, majina mengi yanaanguka yenyewe. "Kipimagari" linavutia kwa sababu limefuata mfano mwema wa kipimajoto. Lakini kipimajoto hupima joto kweli, ilhali chombo hiki hakipimi kitu. Vipimo vyote vimekwisha kuchukuliwa na vihisi vya gari, na kihisi kikidanganya, chombo nacho kitausoma uongo huo kwa uaminifu mkubwa. "Kitambazi", linalotokana na kitenzi tambaza kilichozoeleka katika istilahi za kompyuta, linafaa kwa mashine inayopitisha mwanga juu ya karatasi ili kupata nakala yake. Hapa hakuna kinachotambazwa. Walioliunda walilifuata neno la Kiingereza bila kuutazama mkono wa fundi.

Jina lililo hatari zaidi ni lile la jamii ya kuagua. Wako wanaoona kwamba "kiagua" ni Kiswahili safi, na kwa upande wa asili ya neno hatuna ubishi nao. Lakini anayeagua huutaja ugonjwa na chanzo chake, kisha mgonjwa huondoka akijua la kufanya. Msimbo hautaji chanzo. P0171 husema tu kwamba injini inapata hewa nyingi kuliko mafuta yanayostahili. Chanzo chaweza kuwa mpira uliopasuka unaovuta hewa, pampu ya mafuta iliyochoka, nozeli zilizoziba, au kihisi cha hewa kilichochafuka. Mwenye gari aliyeuziwa "kiagua" hununua kihisi kipya siku hiyo hiyo, na taa hurudi kuwaka baada ya wiki, kwani mpira uliopasuka bado uko pale pale.

Tunapendekeza "kisomamisimbo". Limeundwa kwa njia ile ile iliyotupatia kinasasauti, linasema kile chombo kinachofanya, wala haliahidi zaidi. Tusikubali hapa neno "kodi" linalosikika gerejini, hata kama ni fupi. Mtu akiambiwa kwamba gari lake lina kodi tatu atafikiri ni habari za Mamlaka ya Mapato. Vivyo hivyo "sensa" kwa maana ya kihisi: kwa raia wengi sensa ni ile ya watu na makazi, kama ya mwaka 2022, na kihisi ni neno jepesi lisilo na mgongano.

Jina la chombo likikubaliwa, bado kuna maelezo ya misimbo yenyewe, na huko ndiko makosa ya tafsiri yalikojaa. Kiingereza huuita mchanganyiko wenye mafuta machache kwa neno ambalo, kwa mtu au nyama, lina maana ya kukonda. Anayefasiri kwa kulifuata neno ataandika "mfumo umekonda sana", na msomaji atabaki anaitazama injini akiitafuta mbavu. "Mafuta ni machache kuliko hewa" ni maneno zaidi, lakini ni maana. Baya zaidi ni lile neno linalotaja upande wa silinda katika injini yenye safu mbili. Neno hilo kwa Kiingereza lina maana pia ya benki na ya ukingo wa mto, hivyo mfasiri asiyejua injini anaweza kutuletea "benki ya kwanza" au "ukingo wa kwanza". Kinachotakiwa ni "safu ya kwanza ya silinda", yaani safu iliyo na silinda namba moja. Magari mengi madogo ya silinda nne yana safu moja tu, kwa hiyo mwenye gari hana haja ya kuhangaika kuitafuta ya pili.

Nchi ya Rungwe inatupa mfano wa namna istilahi isiyo na ufafanuzi inavyoweza kupoteza fedha. Vyombo vya daraja la juu kidogo huonyesha vipimo vya vihisi kadiri vinavyobadilika. Hivi tunaviita "vipimo vya papo hapo", wala si "data hai", ambayo haina uhai wowote. Kimojawapo ni kanieneo ya hewa. Ufunguo ukiwashwa bila kuwasha injini, kipimo hiki pwani ya Dar es Salaam husoma karibu kilopaskali 100. Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, husoma kama 95. Tukuyu, iliyo juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,500 hivi, husoma karibu 84. Kihisi ni kizima katika sehemu zote tatu. Lakini maelezo yakiandika "kipimo cha kawaida: 100" bila kuongeza "usawa wa bahari", mtu wa Tukuyu atakitupa kihisi chake kizuri kwa kosa la kuishi mlimani. Mfasiri hana budi kuongeza maneno hayo hata kama hayamo katika matini ya asili.

Kuhusu uchaguzi wenyewe wa chombo, neno moja laweza kumwokoa mnunuzi: itifaki. Kwa watumishi wa Serikali itifaki ni mpango wa kukaa wageni wa heshima. Hapa ni lugha ambayo chombo na gari huzungumziana. Magari mengi yetu yaliundwa kwa soko la Japani, ambalo halikuongozwa na sheria ya Marekani, hivyo lile la zamani laweza kuwa na tundu lile lile la pini 16 na lisijibu lolote. Maelezo yanayosema "hufanya kazi kwa kila gari lenye tundu" ni ya uongo, na mfasiri akiona sentensi hiyo yampasa amrudie mteja wake. Mnunuzi naye aombe kukijaribu kwenye gari lake kabla ya kulipa.

Kuna pia "kufuta". Wauzaji hupenda kuandika kwamba chombo "huondoa tatizo", ilhali kinafuta msimbo tu na kuzima taa. Anayenunua gari lililotumika na kuikuta taa imezimika anastahili kujua tofauti hiyo.

Tusisahau kuwaazima mafundi walicho nacho. Injini ikiruka mwako katika silinda mojawapo, mafundi husema gari "linamisi", na katika mvua za Rungwe, unyevu ukiingia kwenye koili na nyaya, neno hili husikika sana. P0300 ndio msimbo wake, silinda inayoruka isipojulikana. Limetoka Kiingereza, ni kweli, lakini limekwisha kunyambulika na kuzaa "misi" kama jina. "Kushindwa kwa mwako kusiko na mpangilio" hakuna fundi atakayekutamka akiwa chini ya boneti. Tunaonelea "misi" liingizwe katika orodha kama lilivyo.